Siku Gunia la Viazi Lilipoendesha Mashine ya Nyasi

Aibu niliipata, nakubali, na kama mwakaa Majengo au mna jamaa Mbaraki basi mshaisikia hadithi hii kwa watu ambao hata hawakuwako, wengine wakiongeza kuwa nilizimia (sikuzimia) na kuwa bwana harusi alivunjika mguu (hakuvunjika, alikula biriani yake siku ile ile na akaongezwa). Kwa hivyo leo naisimulia mwenyewe, mimi Kadzo, mtunza uwanja, na wa kucheka acheke amalize.

Uwanja wetu ni wa klabu ya michezo huko Mbaraki, na mna mashine ya kukatia nyasi, ile ya kukalia na kuendesha, kuukuu, rangi imeisha na kiti kimepasuka. Wiki ile ilikataa kuwaka. Katibu wa klabu, Sheikh Nasoro, akaleta fundi kutoka Tudor, fundi akafungua boneti, akatazama, akafunga, akasema hiki ni chuma chakavu. Basi Katibu akaniambia mbele ya wazee wa kamati, "Kadzo mwanangu, nakupa hadi Ijumaa. Ikiwaka, wabaki nayo na kazi yako. Isipowaka twaiuza, na nyasi tutawapa kampuni." Kampuni ina watu wake. Mimi nina watoto wawili shuleni na mama yangu huko Rabai anayetazama mkono wangu, kwa hivyo mashine ikiuzwa, nami nimeuzwa.

Sasa, umeme naujua kiasi. Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa umeme wa magari na miaka yote mimi ndiye niliyemshikia taa. Nilianza na betri, vichwa vyake vilikuwa vimeota unga mweupe, nikavisugua kwa maji moto na magadi mpaka vikang'aa, lakini nikizungusha ufunguo nasikia "tik" tu. Nikaufuata waya mpaka kwenye relei ya stata, kile kidude kinachopitisha umeme wa kuwashia injini, nikaigusanisha misumari yake miwili kwa bisibisi, cheche zikaruka na injini ikazunguka. Kuzunguka ilizunguka, kushika haikushika. Ndipo nikakumbuka swichi iliyo chini ya kiti: mashine hizi zisipohisi mtu amekaa hukata moto, ili ukianguka isikuache ikaenda zake. Na mimi nilikuwa nimesimama kando na bisibisi yangu, kitini hapana mtu. Nilichokosa ni mtu wa kukaa tu, kazi isiyotaka elimu.

Lakini ilikuwa ndiyo Ijumaa yenyewe, saa ya swala, na mwanamume hata wa dawa hapana. Wote wako msikitini, tena baada ya swala kulikuwa na nikaha, na karamu yake ifanyike hapo uwanjani kwetu, turubai limeshafungwa na mikeka imetandikwa. Wanawake wako ukumbini na bibi harusi, na nani atatoka na hina yake mbichi aje akalie mashine? Nyuma ya turubai wapishi walikuwa wameacha gunia la viazi vya biriani, limebaki nusu.

Nikalibeba nikaliketisha kitini. Likawa lapinda upande. Basi nikatoa leso zangu (huwa natembea na doti nzima, nani wa huku asiyetembea nayo?), moja nikalifunga kiunoni pamoja na kiti, ya pili nikaipitisha juu yake mpaka kwenye usukani, nikapiga fundo la kufungia mbuzi. Kisha nikarudi kwenye bisibisi. Gia sikuitazama. Hilo ndilo kosa langu, na ni hilo moja, mengine yote nilifanya sawa na sitamwomba mtu msamaha kwayo.

Injini ikashika mara moja. Nikapiga kigelegele peke yangu, na kigelegele hakijaisha mashine imeshaondoka. (Mkanda wa visu nilikuwa nimeuvua tangu asubuhi, nashukuru Mungu mpaka leo.) Haikwenda mbio, ilikwenda mwendo wa mtu atokaye sokoni na kikapu kizito, lakini ilinipiga kumbo nikakaa chini, na nilipoinuka yapita juu ya mikeka, na langoni waingia wanaume na kanzu zao nyeupe, bwana harusi katikati, matari yalia.

"Kamateni!" nikapiga kelele. "Kamateni mtoe hapo juu!"

Hapana aliyekamata. Kwa sababu walichokiona wao ni mwanamke aliyejitanda leso, ameinamisha kichwa, na mwanamume wa Mombasa atokaye msikitini hamshiki mke wa mtu mbele ya watu. Wakainamisha macho, wakagawanyika, nusu huku, nusu kule, wakampisha.

"Mama, ndia hino si yako, zunguka kule," mzee mmoja alimsihi kwa adabu.

"Huyu ni mke wa nani?" Sheikh Nasoro akauliza. "Mumewe yuko wapi aje amshushe?"

Wakaanza kumtafuta mume, wallahi, watu wazima na ndevu zao, nami napiga kelele kuwa ni gunia na matari yanimeza, huku mashine yaangusha majagi ya sharbati na kunasa kamba ya turubai, pembe moja ikashuka juu ya vilemba vya wazee.

Aliyetuokoa ni Bi Zuhura, nyanya yake bibi harusi, aliyetoka ukumbini kwa zile kelele. Akatembea sambamba na mashine, ubavu kwa ubavu. "Wewe mwanamke huna haya? Waume wote hawa wakusemeza nawe hujibu?" Akaishika leso akavuta kwa nguvu zake zote. Fundo likafunguka, la kiunoni likafuata, gunia likapinduka, swichi ikakata moto, na viazi vikabingirika mpaka miguuni kwa bwana harusi.

Mtu akasema taratibu, "Kumbe ni viazi."

Wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Sheikh Nasoro hakucheka. Kanzu yake ilikuwa imelowa sharbati mpaka magotini. "Kadzo, kusanya vitu vyako uende."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka, vumbi tele kwenye gauni, na machozi yalikuwa karibu. Lakini hasira ilikuwa karibu zaidi. Nikamwambia, "Sheikh, ulisema ikiwaka nabaki nayo. Imewaka. Kama wataka mashahidi, msikiti mzima umeipisha."

Akainama akakamua sharbati kwenye kanzu yake.

"Nasoro," Bi Zuhura akasema akikunja leso yangu vizuri, "ahadi ni deni."

Sheikh akawatazama wazee wa kamati, wazee wakatazama mikeka. Mwisho akasema, "Ondoa viazi kwanza. Watu wataka kula."

Nikaviondoa, kimoja kimoja, mbele ya macho ya Mombasa nzima. Na nimeapa: sitagusa stata ya mashine yoyote kabla ya kutazama gia, na gunia sitaliketisha popote ila sakafuni. Kuacha kutengeneza sikuapa. Swichi ya kiti nimeiacha kama ilivyo, sikuikata wala kuiunga, na mwenye kutaka mashine ile izime atangulie kuniondoa mimi kitini.