Barafu ya Samaki kwenye Goti la Mama

Goti la kulia la mama yangu lilipovimba safari hii, nilifunga kibanda changu cha kushona pale Migori nikaenda kukaa naye kwake, upande wa Homa Bay. Nilidhani naenda kumpikia. Nikapika, naye akawa anakula matonge mawili na kusukuma sahani. Chai aliionja tu, kama mtu anayeogopa sumu. Nikamwuliza kama mapishi yangu yameharibika huko nilikoolewa. Akasema hana njaa, ni uzee.

Uongo mtupu. Baada ya siku chache nikaelewa. Choo chetu ni cha shimo, kiko nyuma ya migomba, na anayeingia humo lazima achuchumae. Goti lile lilikataa kukunjika. Kila alipokwenda ilibidi niingie naye, nimshike kwapani, nigeuze uso ukutani. Na huyu ni mwanamke ambaye maisha yake yote hatukuwahi kumwona hata akibadilisha blauzi. Alikuwa ameamua heri njaa na kiu kuliko aibu hiyo. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," nilimwambia kwa mzaha, kisha nikaenda nyuma ya tangi la maji nikalia.

Ugonjwa wa viungo alikuwa nao kwa miaka, na kwa miaka tulikuwa tukilikanda goti kwa maji moto na chumvi. Kwetu kila mtu anajua kwamba maumivu ya viungo ni baridi iliyoingia mifupani, na mama alijua hata ni baridi ya wapi. Tangu ujana wake alifanya biashara ya samaki, akivuka ziwa kwenda kisiwa cha Remba na kurudi, mbuta wakiwa wamelazwa kwenye masanduku ya barafu na yeye ameketi juu ya sanduku. "Barafu ndiyo imenila," alisema. Hata jina la ugonjwa kwa Kiswahili, baridi yabisi, lilimuunga mkono. Basi asubuhi na jioni nilichemsha maji, nikachovya kitambaa, nikakanda. Akina mama wa kanisa walipokuja kumwombea nao walikanda, tena kwa nguvu zaidi, maana walikuwa na imani. Dawa ya moto ni moto, walisema. Goti likazidi kuvimba.

Nikampeleka hospitali. Daktari alikuwa msichana wa umri wa binti yangu. Aliweka kiganja juu ya goti, akakiacha hapo kidogo.

"Mama, hii goti iko na moto yake tayari, na nyinyi mnaongeza ingine," alisema. "Endelea na dawa. Lakini ikifura hivi, weka barafu. Ifunge na kitambaa isiguse ngozi, kaa nayo kidogo, alafu utoe."

Tulipotoka tu nje ya lango, mama alisimama.

"Nyara," aliniita. Ni binti yangu kwa Kijaluo, na akiniita hivyo kwa sauti ile ujue kuna vita. "Barafu ni ya samaki na maiti. Huyo mtoto ameniona mimi ni yupi?"

Nilimwambia samaki hawana usumbufu wa namna hiyo. Hakucheka. Jioni alirudisha tena kikombe cha chai kikiwa kimejaa, nami nikaishiwa na adabu.

"Mama, ukikaa bila kunywa maji utakufa. Na ukifa utawekwa kwenye barafu bila kuulizwa."

Nilijua nimevuka mpaka. Kisha akasema, "Leta."

Nyumbani hakuna friji. Asubuhi nilishuka mjini hadi ufuoni, kwa wanaouza barafu ya kuhifadhi samaki, nikarudi na pande moja ndani ya gunia, linachuruzika njia nzima. Nikalivunja kwa mchi, nikafunga vipande ndani ya taulo kuukuu. Barafu ilinuka mbuta. Paka wa nyumbani akatoka uvunguni, akaketi mbele ya goti la mama akisubiri kugawiwa.

"Umeona?" mama akasema. "Paka ameshajua mimi ni yupi."

Nilipoliweka taulo, alivuta pumzi kwa meno akaning'ang'ania mkono. Akaanza kuomba, na nilisikia akimwomba Mungu amsamehe yule daktari. Kisha maombi yakapungua. Vidole vyake vikalegea mkononi mwangu. Birika lilipochemka juu ya jiko la makaa, niliondoa taulo, nikafuta maji, nikaweka kiganja. Ule moto niliokuwa nikiukanda asubuhi na jioni ulikuwa umetulia. Nimesikia miujiza ikitangazwa kwa vipaza sauti kwenye viwanja vya Migori, watu wakianguka chini, na sikuwahi kusisimka hivi.

Sisemi barafu ilimponya. Dawa aliendelea kumeza, na ziko asubuhi nyingine alinuna kwa maumivu mpaka hata paka alimkwepa. Lakini kila goti lilipopata joto tulifunga taulo, na siku moja nilipolifungua niliona mfupa. Kifuniko cha goti, kilichokuwa kimezama ndani ya uvimbe, kilikuwa kimerudi mahali pake, na pembeni mwake kulikuwa na kovu dogo alilolipata akiangukia mawe ya ufuoni na mzigo kichwani. Nilipokuwa mdogo nilikaa chini miguuni pake, kovu hilo likiwa usawa wa macho yangu, na nilikuwa nimesahau kabisa kwamba lipo. Kicho kilinishika, nikajikuta nanong'ona. Mwili huu ulibeba watoto saba, kuni, maji na masanduku ya samaki, na sasa ulikuwa unanirudia kidogo kidogo kutoka chini ya taulo. Nililigusa lile kovu, mama akaniuliza kama nimepoteza kitu hapo.

Nilikuwa nimempigilia mti wa kushikia ndani ya choo, lakini bado tulikwenda wawili. Halafu asubuhi moja nikatoka jikoni na kukuta kitanda kitupu. Nilikimbia nje nikiwa na hakika nitamkuta ameanguka. Mlango wa choo ulikuwa umefungwa.

"Mama?"

"Nini?" Sauti ilitoka ndani, kali.

"Uko sawa?"

"Nyara, kwani mtu hawezi kukaa chooni kwa amani?"

Nilirudi nyuma hadi kwenye migomba, mkono mdomoni, nikicheka na kulia kwa pamoja, na nikakaa hapo hapo chini kwenye umande. Alichukua muda wake. Alipotoka alikuwa ameegemea fimbo, anatembea polepole, ameinua kidevu. Akanipita, akanawa mikono kwa utulivu, akaikung'uta.

"Sasa rudi kwa bwanako," alisema. "Watu wataanza kuuliza kama umeachwa."

Sijawahi kufukuzwa mahali nikafurahi hivyo.