Kiti cha Baba Kwenye Picha

Jirani yangu hapa Yamumbi hutoa viti vyake nje kila Jumamosi, na sponji kuukuu ikishapata jua hutoa harufu ya vumbi na ya watu waliokaa hapo zamani. Harufu hiyo ikinifikia naacha ninachofanya, nasimama. Nakuwa tena na miaka kumi na mmoja, niko nyumbani kwetu Langas, na simu ya Mama iko mkononi.

Baba alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha nguo, na alifariki mwaka mmoja kabla ya haya ninayowasimulia. Mama alibaki na sindano yake ya kufumia vitambaa vya makochi. Alifuma vizuri, hilo hata waliomsengenya walikubali. Mama Halima, mwenye duka la mapazia mjini, alisema atachukua seti za kuuza dukani mwake, lakini kwanza aone picha. Asipochukua, tungerudi kwa nyanya, kule ziwani, nami niache shule na marafiki wangu wote. Mama alikuwa ameshaomba magunia mawili ya kufungia vyombo.

Mama alinipa simu nipige mimi, na picha zangu zilikuwa aibu tupu. Nyumba yetu ya mabati ilikuwa na dirisha moja, nalo lilitazama ukuta wa jirani, hivyo vitambaa vyeupe vilitoka na rangi ya maji ya kupigia deki. Kochi kubwa halikuweza kutolewa nje, kwa sababu Baba aliliingiza kabla ya kuweka fremu ya mlango, kosa alilolicheka mpaka mwisho wake. Jumamosi jioni Mama Halima alituma ujumbe wa sauti, polepole, bila ubaya.

“Mama Achieng, mimi naona giza tu. Hii ni white ama ni grey? Nitumie zingine kesho, ama nitafute mtu mwingine.”

Kulikuwa na kiti kimoja ambacho kingepita mlangoni, nacho kilikuwa cha Baba. Kilikaa kwenye kona, na katika nyumba ambayo hata redio ilivishwa kitambaa, hicho peke yake kilikuwa wazi. Nilikionea aibu. Nilidhani Mama amekisahau. Hatukukikalia, ingawa hakuna aliyetukataza.

Jumapili Mama alipoenda kanisani nilisingizia tumbo, nikabaki na simu. Nikakikokota kile kiti mpaka nje. Mkono wake wa kulia ulikuwa na doa jeusi la grisi, pale kiwiko cha Baba kilipozoea kukaa, basi nikachagua kitambaa kipana nikalifunika barabara. Katika picha ya kwanza jua lilifuta maua yote, ukabaki weupe mtupu. Nikakisogeza kivulini, chini ya ukingo wa mabati. Nikapangusa kioo cha kamera kwa pindo la gauni, maana kilikuwa na mafuta ya kupikia, kisha nikachuchumaa. Safari hii kila tundu la ufumaji lilionekana. Nikatuma, na Mama Halima akajibu kabla sijainuka kwamba anataka seti sita.

Mama aliporudi nilimkimbilia na simu, lakini hakuitazama. Jua lilikuwa limezunguka likakipata kile kiti, na harufu ya grisi na sabuni ya kipande ilikuwa inatoka ndani yake. Alisimama akiivuta kwa muda mrefu. Halafu akakunja kitambaa taratibu mpaka doa likatokea, akaweka kiganja chake juu yake. Nilisubiri kuchapwa.

“Hapa usifunike tena, Achieng,” alisema, bila kunigeukia.

Nilidhani ananifundisha kupiga picha, nikalishika neno hilo kama kanuni ya kazi. Hatukuhama. Magunia yale tuliyatilia mahindi.

Ilinichukua miaka mingi, na msiba wangu mwenyewe, kuelewa kwamba Mama hakuwa amekisahau kiti kile hata siku moja. Inaniuma kwamba nililifunika doa lile kama uchafu. Mpaka leo anauza vitambaa kwa simu, mpigapicha ni mimi, na katika kila picha mkono wa kulia wa kiti uko wazi. Wateja huuliza mbona huo haukuvishwa. Mama huwajibu vile watu wa hapa wanavyojibu ukitaka kukaa mahali walipomwekea mwenzao.

“Hapo kuna mtu.”