Karoti Nyeupe

Juzi nilikuta karoti nyeupe sokoni, nikakumbuka jiko letu la mtaa wa Mafiga, wakati baba alipopunguzwa kazi kiwandani na ugali ukawa hauna mboga.

Mama alizipata kwa mwanamke aliyeteremka na tenga kutoka milimani.

"Wazungu wa misheni wanazila, dada," alisema mwanamke yule. "Sisi hatujawahi kuzionja."

Mizizi ile ilikuwa mirefu, imepauka. Jirani yetu alikuwa amezika mtoto kwa sababu ya muhogo mchungu, na tangu hapo niliogopa kila cheupe kilichochimbwa ardhini. Mama alizimenya, akazikaanga kwa kitunguu. Zilinukia utamu, na utamu huo ndio ulionitisha zaidi.

Siku zote mama alikula mwisho. Siku ile alijipakulia kwanza, akakaa kizingitini, akala peke yake. Mdogo wangu Zuhura alipopeleka mkono sufuriani, alipigwa kofi.

"Subirini mpaka kivuli kifike kwenye mtungi."

"Leo mama mchoyo," Zuhura alininong'oneza, nami nikaamini.

Tulimtazama tukimeza mate. Alikuwa ameweka kiganja tumboni, nikadhani ameshiba. Kivuli kilipogusa mtungi alinyanyuka, akatupakulia zote zilizobaki.

Zile za juzi nilizinunua. Najua sasa kwamba hazina sumu. Hata hivyo zilipoiva niliwaambia wanangu wasubiri, nikala kwanza mimi.