Maboksi Yaliyorudi Kutoka Kreta

Nilikuwa nakula kwa hasira za mtu mwingine. Nasema hivi bila haya, kwa sababu haya yangu yote niliimaliza siku ile ya kupimwa sare.

Nilikuwa mwoka keki kwenye hoteli moja ya wageni hapa Karatu. Kila masika, wageni wakipungua, fundi cherehani huja jikoni kutupima nguo mpya za kazi. Mwaka ule shefu wetu alimnyang'anya fundi futi, akanizungushia kiunoni mwenyewe, akasoma namba kwa sauti mbele ya wenzangu wote.

"Fundi, kwa huyu mama leta turubai!"

Wakacheka. Na mimi nikacheka. Kisha nikaenda stoo kula.

Stoo ndiko yalikowekwa maboksi ya lanchi yaliyorudi. Kule chini kwenye kreta ya Ngorongoro mwewe humpokonya mtu kuku mkononi, kwa hiyo wageni wengi hula kwa wasiwasi ndani ya gari, na jioni madereva huturudishia maboksi yaliyoguswa kidogo tu: mayai ya kuchemsha, mapaja ya kuku, keki zangu mwenyewe. Kwa desturi ya jiko letu, kilichorudi ni cha wafanyakazi. Wenzangu waliwapelekea watoto wao. Mimi niliyala nimesimama, mlango nimeurudishia, kila shefu aliponifokea. Na alinifokea kila siku.

Nesi wa zahanati aliponipima sukari na kuikuta iko juu, akauliza, "Mama, huwa unakula ukiwa na njaa, au ukiwa na hasira?"

Nilitaka kumjibu vibaya. Lakini swali lake lilinifuata hadi mlangoni pa stoo: ni njaa, au ni shefu? Karibu kila mara alikuwa yeye. Hapo ndipo nilipokasirika kuliko siku ya futi. Kumbe mtu ananitukana, halafu mimi namsaidia kuniua kwa mkono wangu mwenyewe! Nikaapa kwamba masika ijayo futi ile haitanicheka tena.

Nilijifunza kunywa maji kwanza, kisha kutoka nje kukung'uta vitambaa vya meza mpaka mikono ichoke. Siku nyingine nilishindwa, nikala, nikaanza upya kesho yake. Lakini boksi nililoliacha sikulipeleka nyumbani. Nilikuwa nimeona jambo. Shefu naye, kila alipotoka kugombezwa na meneja, alirudi macho mekundu, mkono ukitafuta kitu cha kushika.

"Shikamoo, shefu. Hujatia kitu mdomoni tangu asubuhi. Nimekuwekea hapa."

"Marahaba. Acha tu hapo mezani."

Nikaacha. Kesho yake nikaacha tena, na keki mbili za ziada juu. Wenzangu wakasema nina moyo wa pekee, na mimi sikuwabishia.

Masika ikafika, fundi akaja. Mimi nilipimwa wa kwanza, na sare ya zamani ilikuwa inanipwaya. Shefu, ambaye yake ilikuwa haifungiki tena, akataka apimwe ofisini kwake, peke yake. Ila fundi alihitaji mtu wa kumwandikia vipimo, akaniita mimi. Mlango niliuacha wazi.

Fundi akanong'ona namba.

"Rudia, fundi," nikasema, kwa sauti ya kufika kwenye masufuria. "Sijasikia."

Akarudia kwa nguvu. Kule jikoni mtu akashindwa kujizuia kucheka. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Shefu hakunitazama. Mkono wake ulikwenda wenyewe mezani, kwenye boksi la siku ile, ukasita juu ya kifuniko. Mkono ule niliujua vizuri, maana ndio uliokuwa wangu kule stoo. Ningeweza kumuuliza lile swali la nesi. Ni maneno machache tu.

Nikamfungulia kifuniko.