Mlango Nilioupanga

Nyumba yangu ya kwanza ya kupangisha niliijenga Dodoma mjini wakati wa Mwingereza, nilipokuwa mtunza stoo katika idara ya barabara. Ilikuwa na vyumba vinne, viwili kila upande wa ukumbi, na ua wenye jiko na choo. Shule niliisoma miaka michache tu kule Buigiri. Yaliyobaki nilijifundisha kwa kusoma kila karatasi iliyopita mikononi mwangu, na niliyoisoma kuliko zote ni ile ya boma iliyonipa kiwanja.

Ilisema kwamba ardhi ni ya serikali, nami naruhusiwa kuikalia kwa kodi ya mwaka. Paa liwe la bati. Choo kiwe mbali na jiko. Kila chumba anacholala mtu kiwe na dirisha na mlango wa kufunga. Siku ya mwisho ya kumaliza iliandikwa chini, na baada yake bwana afya angekuja kukagua. Nyumba ikikosa hata sharti moja, kiwanja kinarudi bomani, na mwenye kuta azibomoe kwa gharama yake. Mimi nilikwisha kuongezewa muda mara moja, na karani aliyenigongea muhuri alinionya kwamba hataugonga tena.

Kilichonipungukia ni milango, na sababu yake ni malezi. Nimezaliwa katika tembe, nyumba ya udongo yenye paa bapa. Katika tembe letu mlango ulikuwa wa kuwazuia fisi na wezi wa ng'ombe. Ukishaingia ndani, hakuna tena cha kufungua, ni ukuta na vihenge vya nafaka tu. Kwa hiyo nilipopiga hesabu ya mbao, kabla hata ya kupewa ile barua ya boma, niliweka milango miwili, wa mbele na wa uani. Hesabu ilikuwa safi, ila ilikuwa hesabu ya tembe. Nilipolitambua hilo, fedha yangu yote ilikuwa imekwisha kuwa bati juu ya kuta.

Kukopa hakukuwezekana. Sheria ya siku zile haikumruhusu mwenye duka Mhindi kumshtaki Mwafrika kwa deni bila kibali maalumu, na yule niliyezoea kununua misumari kwake alinikatalia kwa adabu hata ubao mmoja wa mkopo. Sikumlaumu. Sheria iliyosemekana kunilinda ndiyo iliyonifungia duka.

Nikapangisha hivyo hivyo. Kodi niliishusha, na kila mpangaji nilimwambia: lete mlango wako, na siku ukihama ondoka nao. Watu wa reli, waliozoea kuhama na vitanda na kuku, hawakuona ajabu. Wapangaji watatu walileta milango ya mbao za masanduku. Wa nne, mke wa mfanyakazi wa reli kutoka Tabora, aliteremsha kutoka kwenye behewa mlango wa mninga, mzito, mwekundu, kazi ya seremala anayeijua kazi yake.

Wiki ile ile ya ukaguzi mumewe akahamishiwa Itigi. Yeye alitangulia, mama akabaki kufunga mizigo. Gari lake la moshi lilikuwa Alhamisi jioni. Bwana afya alikuwa anakuja Ijumaa asubuhi, na mshahara wangu ulikuwa bado mbali.

Nilikwenda kwanza kwa karani wa baraza, tuliyefahamiana naye tangu shuleni.

"Mlango umeshikwa na nini?" aliniuliza.

"Bawaba."

"Na bawaba?"

"Zimeshikwa na fremu."

"Fremu iko kwenye ukuta wa nani? Basi. Kilichoshikamana na nyumba ni cha nyumba. Mwambie auache."

"Lakini nilimwambia akihama aondoke nao."

"Nani alisikia?"

"Yeye. Na uani kote, maana huyo mama hasemi kwa sauti ndogo."

Karani alicheka, akarudi kwenye faili zake. "Basi huna mlango, bwana mkubwa. Una maneno."

Niliona kwamba amesema kweli. Maneno yale ndiyo yaliyokuwa mkataba wangu. Nikiyakana kwa mpangaji mmoja kwa sababu hayakuandikwa, wale watatu wangeng'oa milango yao jioni ile ile, na haki ingekuwa yao.

Nilimkuta mama amekwisha kuanza. Alikuwa akifungua skrubu za bawaba kwa ncha ya kisu. Mimi ni Mgogo, yeye Mnyamwezi, kwa hiyo tulikuwa watani, na mtani hana haja ya kuanza kwa upole.

"Afadhali umekuja," alisema. "Shika huku chini. Usinisimamie kama nguzo ya simu!"

Nikashika. "Mtani, nimekuja kwa ajili ya huu mlango."

"Nilijua! Hodi ya Mgogo haiji bure. Babu zangu walipopita hapa na mizigo yao kwenda pwani, babu zako waliwasimamisha. Toa nguo, toa waya, ndipo unywe maji. Hongo ya njia! Zamani ilikuwa nguo, leo mmefika kwenye milango."

"Safari hii hongo nalipa mimi."

Kisu kikasimama. "Rudia, majirani wasikie."

Nikarudia. Nikamweleza habari ya ukaguzi, na kwamba bila mlango kwenye chumba kile nitapoteza kiwanja. Nikamwomba ataje bei, nimlipe kidogo kidogo.

"Siuzi," alisema, na sauti yake sasa haikuwa ya utani. "Unajua kwa nini nahangaika nao? Itigi tunakwenda kukaa landhi, kwenye nyumba ya wafanyakazi wa reli, ina mlango wake. Huu ni wa nyumba yangu ya Tabora. Kiwanja ninacho, matofali sina. Kila tukiweka fedha, huyu anaumwa, yule anaoa, inakwisha. Mlango hauliwi na mtu. Nikikuuzia, nitakuwa nimerudi kwenye fedha."

Alikuwa anajenga kama mimi, ila mimi nilianza na kuta, yeye na mlango. Tukabaki tumeushika, yeye juu, mimi chini. Nikaipitia ile barua kichwani, sharti kwa sharti, na hapo nikaona kwamba nilikuwa naomba kitu ambacho boma halikukitaka. Barua ilitaka chumba kiwe na mlango. Haikutaka mlango uwe wangu.

"Basi usiuze," nikasema. "Nipangishe."

"Nikupangishe nini?"

"Mlango. Nitakulipa kodi kila mwezi. Siku ukiutaka, nipe taarifa ya mwezi mmoja, nami nitakukabidhi."

Alinitazama, kisha akacheka mpaka akaketi juu ya sanduku lake. "Kwa hiyo leo mimi ndiye mwenye nyumba wako!"

"Mwenye mlango."

"Vizuri, mpangaji. Sikiliza masharti. Kodi ya mwezi wa kwanza mbele, kama ulivyonidai mimi. Amana ya uharibifu, kama ulivyonidai mimi. Hupigilii msumari wa kutundikia koti. Hupaki rangi. Na usije kuniletea mwisho wa mwezi hadithi za mgonjwa nyumbani."

"Nakubali."

"Mpangaji mwenye adabu husema, ndiyo, mama."

"Ndiyo, mama."

Bei ya mlango sikuwa nayo, lakini kodi ya mlango na amana yake nilikuwa nayo mfukoni. Niliandika karatasi mbili zinazofanana. Fundi cherehani aliyepanga chumba cha pili akawa shahidi, mama akaweka dole gumba, kisha akazirudisha skrubu yeye mwenyewe, kwa sababu, alisema, wapangaji hawajui kukaza.

Ijumaa bwana afya alifungua na kufunga kila mlango. Kwenye mninga alisimama, akaupapasa.

"Mlango mzuri. Wako?"

"Nimeupanga, bwana."

Nikampa karatasi. Aliisoma, akaigeuza kutazama nyuma, akaisoma tena. Kisha akaniuliza kama choo kina mfuniko. Kilikuwa nao. Akatia sahihi.

Toka siku hiyo sikupangisha chumba bila karatasi, na ndani yake niliandika kipi ni cha nyumba na kipi ni cha mpangaji, mpaka ndoano ya dirisha. Kodi niliipandisha taratibu, kila chumba kilipopata mlango wangu. Nilikwisha kuwa na yote minne, wa nne ukiwa umeegemea ukuta kungoja zamu, mama alipotuma taarifa kwamba matofali yamepatikana. Alikuja mwenyewe na bisibisi. Aliukagua mninga kwenye mwanga wa uani, akakuta mkwaruzo karibu na kitasa, akakata kwenye amana yangu bila kunitazama usoni.

Nilimsaidia kuufikisha stesheni. Karani wa mizigo alipotaja nauli ya mlango mpaka Tabora, mama alinigeukia akangoja. Tulikuwa tumeandika habari ya msumari, rangi na taarifa, lakini nauli ya kuurudisha haikuwamo, na mwandishi wa mkataba ule nilikuwa mimi. Nikalipa.