Pampu Hainunuliwi Mpaka Siku ya Kufua

Jumamosi, saa nne asubuhi, ua wa hosteli ya Marcella Mithika hapa Nchiru umejaa mabeseni. Wanafunzi wamekunja suruali hadi magotini, povu limewafika viwikoni, na kapi ya kisima inalia bila kupumzika. Ednah Muthamia amesimama kando, mikono kiunoni, akitazama maji yanavyochotwa. Mgeni angedhani amekuja kutafuta mtu wa kumfulia.

Amekuja kupima. Ednah, mwenye umri wa miaka 41, hupima visima vya watu kabla hawajanunua pampu, na siku anayoipenda kuliko zote ni hii ya kufua.

"Kisima kikiwa kimelala, kinakudanganya," anasema. "Mimi nataka kukiona kikifanya kazi."

Kazi hii aliianzia nyuma ya kaunta. Alikuwa muuzaji katika duka la vifaa vya ujenzi mjini Embu, akiuza pampu kwa watu wa kwao Manyatta. Wengi waliingia wakitaka "kama ya jirani". Baadhi yao walirudi na pampu zilizoungua, wakiwa wamenuna. Akiwauliza maji yako futi ngapi chini, hakuna aliyekuwa amepima. Mwishowe akaacha kaunta, akanunua kamba, akaitia alama kila futi na kufunga kipande cha chuma mwishoni. Anachopata si cha kutajirisha mtu, lakini karo ya wanawe wawili hutoka humo.

Leo mambo ni mazito. Marcella, ambaye majirani humwita Mama Lenah, ni mjane anayeishi kwa kodi ya vyumba vyake kumi na viwili. Wapangaji wamemwambia bila kumficha kwamba wasipopata maji ya mfereji kule ghorofani, muhula ujao watahamia kwingine. Ameuza ng'ombe wake wa maziwa ili anunue pampu, na hana mwingine wa kuuza. Akikosea, vyumba vitabaki na buibui.

Pampu yenyewe ameshaichagua dukani, kubwa na yenye nguvu. Muuzaji alimuuliza kina cha kisima, naye akajibu bila kusita kuwa ni futi sitini. Huku kwetu mchimbaji hulipwa kwa futi, na mwenye kisima huzikumbuka futi alizolipia kama anavyokumbuka mwaka aliomzaa kifungua mimba wake. Hizo ndizo anazokwenda nazo dukani.

Asubuhi na mapema, kabla mtu hajachota, Ednah alikuta maji kwenye futi thelathini na nane. Sasa anawaomba wanafunzi wasimame kidogo, anateremsha kamba tena. Maji yameshuka hadi futi arobaini na tisa. Anaiachia kamba iendelee mpaka inalegea mkononi. Chuma kimegusa chini, kwenye futi hamsini na mbili, na kinapotoka kimejaa matope mazito.

Anamweleza Mama Lenah polepole. Mama Lenah anakunja uso.

"Mimi hii kisima nililipa futi sitini," anasema. "Nilisimama hapa nikihesabu. Sikuibiwa."

"Hukuibiwa, Mama," anajibu Ednah. "Hizo futi zingine ni matope imejaa. Ukiweka hiyo pampu kubwa leo, itamaliza maji haraka, halafu ivute matope mpaka iungue."

Mama Lenah anayatazama yale matope kwenye chuma. Inauma, na haoni haya kusema kwamba inauma. Ng'ombe yule alikuwa amempa jina, na sasa sehemu ya fedha zake italipia kuondoa matope. Kisha anauliza nani anaweza kuteremka kusafisha. Ednah anamtajia Kivuti, mchimbaji mwenye mikono ya kuaminika, na kumshauri achukue pampu ndogo, itakayovuta taratibu alfajiri na kujaza tangi wakati watu bado wamelala.

Majuma matatu baadaye, kisima kimesafishwa, na maji yanafika ghorofani. Hakuna mpangaji aliyefungasha. Ednah naye ana mpango wake: kufungua duka papa hapa Nchiru, na pampu isitoke dukani kabla yeye hajaenda kukiona kisima. Chumba ameshakipata, rafu zinapigwa misumari.

Siku tunayorudi, jirani aitwaye Njoka ameingia uani kwa Mama Lenah, kalamu mkononi, anataka jina la pampu ile ili akanunue kama hiyo. Mama Lenah anafunga mfereji, anajifuta mikono kwenye leso.

"Hii yangu itakusaidia nini?" anamwambia. "Hii ilinunuliwa kwa kipimo cha maji yangu. Enda nyumbani uambie watu wafue, nitakuletea Ednah."