Mwaka Nilioachwa Nje ya Kumbi

Mwezi uliopita mjukuu wangu alinipakia kwenye gari lake akanipeleka hospitali mjini Dodoma, eti kifua changu kinakoroma. Tuliondoka baada ya kunywa uji, tukarudi kabla mlenda wa mchana haujatoka jikoni. Daktari, msichana mwenye mikono baridi, alinibonyeza tumbo upande wa kushoto akaniuliza, "Babu, bandama hii iliwahi kukusumbua?" Nilicheka mpaka kikohozi kikanishika. Mjukuu wangu alidhani nimechanganyikiwa. Lakini wewe ungefanyaje, ndugu yangu, ukiulizwa kwa upole hivyo juu ya kitu kilichokula ujana wako wote?

Enzi hizo boma na bendera vilikuwa vya Wadachi, na reli ilikuwa bado haijafika kwetu. Tuliishi katika tembe la baba, upande wa Chemba, tembe refu lenye paa la udongo ambalo mvua ikinyesha lilinuka kama chungu kipya. Mama yangu alikuwa na upande wake na jiko lake, na mama mdogo, mke wa pili wa baba, alikuwa na wake. Mama mdogo naye alikuwa na mtoto wa kiume. Tulizaliwa mvua zilezile, yeye na mimi, tukatambaa uani pamoja, tukapewa ndama wa kuchunga siku moja. Tulikula ubuyu mfuko mmoja na tulinyang'anyana ukoko wa ugali wa uwele. Ukiniuliza rafiki yangu wa kwanza duniani alikuwa nani, nitakutajia yeye. Ukiniuliza ni nani niliyemwonea wivu kuliko wote, nitakutajia huyohuyo.

Yeye alikuwa na miguu. Alikimbia nyuma ya ndama kama aliyeitwa kula. Mimi nilikuwa na tumbo. Lilitangulia mbele kila nilikokwenda, gumu upande mmoja, na homa zilinijia na kuondoka zilivyotaka. Pua yangu ikianza kutoa damu, ilitoka mpaka mama akamaliza majivu ya jikoni kunizibia. Mganga alikuja, akachinja kuku akatazama matumbo yake, akasema mambo mengi, akaondoka na kuku mwingine.

Basi ukaja mwaka wa mavuno mazuri. Vihenge vilijaa, pombe ikapikwa, wazee wakasema watoto wapelekwe jando. Usifikiri jando la kwetu lilikuwa jambo la kila mwaka. Lilingoja chakula kiwe kingi, kwa sababu wanakumbi, wavulana waliokaa kibandani porini mpaka wapone, walilishwa na kaya zote, na likikupita hujui litarudi lini. Waliotahiriwa pamoja walikuwa kitu kimoja maisha yote. Walikula pamoja, walisaidiana kuoa, walizikana. Na asiyepita kumbini alikuwa mtoto hata kama ndevu zimemshuka kifuani.

Ngariba alifika kuwatazama wavulana kabla ya siku yenyewe. Alimshika ndugu yangu mabega, akamgeuza, akamsukuma huku akicheka. Kisha akanifikia mimi, na bahati yangu mbaya, vumbi la uani lilikuwa limeshaifungua pua yangu. Alinitazama nikijifuta, nikijifuta tena.

"Huyu simgusi," alimwambia baba. "Damu yake haijui kusimama. Mtoto akinifia kumbini, nani ataniletea mwanawe tena?"

Mama mdogo alisema pole kwa sauti ya juu, akaingia ndani kumpikia mwanawe. Nilimchukia kwa ile pole.

Kesho yake baba akasema atanipeleka kwa daktari wa Wadachi kule bomani Mpwapwa, aseme mwenyewe kama ninaweza kukatwa au siwezi. Akisema ninaweza, tutarudi mbio kabla ngoma haijaanza. Mama alisaga uwele, akafunga samli kwenye kibuyu, na nikapandishwa punda. Watoto wadogo walitukimbilia hadi njia panda wakipiga kelele kwa kuona nimepanda punda. Ndugu yangu alikuja nao, akasimama. "Wahi," aliniambia. "Nitakuwekea nafasi karibu yangu." Nilitamani kumwamini, lakini macho yangu yalikuwa kwenye miguu yake, ilivyosimama imara pale vumbini, na nilitamani aumwe homa hata moja.

Safari yenyewe naikumbuka kwa vipande. Upepo wa kiangazi ulioleta mchanga mpaka mdomoni. Visima vikavu ambako tulingoja zamu na ng'ombe wa watu. Kila kaya tuliyopita baba alisimama nje akaita salamu ya kwetu, "mbukwenyi," wakatukaribisha, wakatupa maziwa ya mgando, na bibi mmoja akanibonyeza tumbo akasema amewahi kuona kubwa zaidi. Kila tulipolala palikuwa na wavulana wa rika langu wanaonyolewa nywele kwa ajili ya jando la kwao. Mwaka ule nchi nzima, nadhani, ilikuwa ikiwafanya watoto wake wanaume, isipokuwa mimi niliye juu ya punda.

Bomani tulikuta watu wamepanga mstari mbele ya banda lililonuka dawa kali. Mkalimani alikuwa mtu wa pwani, kanzu nyeupe, mwenye haraka. "Mtoto anaumwa nini?"

Baba alikuwa ameyapanga maneno yake njia nzima. "Haumwi," alijibu. "Nataka bwana aniambie kama anaweza kuwa mwanamume."

Mkalimani akapeleka maneno yalivyo. Mdachi akavua miwani, akaifunua nguo yangu, akachungulia, akasema neno moja. "Anasema ni mwanamume tayari," mkalimani akatangaza. "Mwingine!" Mstari mzima uliangua kicheko.

Baba hakucheka. Aliketi chini palepale mlangoni, na mtu wa kwetu akiketi hivyo ujue haondoki. Akaeleza upya, safari hii kwa mikono, mpaka mkalimani akaelewa habari ya kisu. Ndipo daktari akanilaza juu ya meza. Alinibonyeza upande wa kushoto, akafuata ukingo wa lile gumu kwa vidole hadi karibu na kitovu. Alinichoma kidole kwa sindano, akaketi akiitazama damu. Nami niliitazama. Sijawahi kuomba kitu kwa nguvu kama nilivyoiomba ile damu isimame. Ilidondoka, ikadondoka, bila haraka yoyote.

"Anasema bandama imevimba kwa sababu ya homa, inaharibu damu," mkalimani alisema, safari hii taratibu. "Asikatwe. Akikatwa atakufa. Ale dawa hii chungu. Labda akikua bandama itarudi ndani."

"Labda ni lini?" baba aliuliza. Mkalimani hakulipeleka swali hilo.

Njiani kurudi, tulipovuka mto mkavu, baba akasema, "Utaishi." Alilisema kwa furaha, maskini, akinishika goti. Kuishi hakukuwa kitu nilichokwenda kukitafuta.

Tulisikia ngoma kabla hatujaiona kaya. Siku walipotoka kumbini, vichwa vimenyolewa, miili inang'aa samli na udongo mwekundu, mama mdogo alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Ndugu yangu alipita mbele yangu akitazama juu, kama walivyofundishwa. Walikuwa na wimbo wao, na sisi wengine tulipaswa kuondoka ukianza kuimbwa. Niliondoka na wanawake.

Tangu hapo alikula na wanaume. Mimi nilibaki na ndama pamoja na vitoto vilivyokuwa bado vinapoteza meno. Alipewa mkuki, akapewa kigoda, na bibi yetu mwenyewe alianza kumsogezea maji ya kunawa. Mara nyingine alinifichia kipande cha nyama ya wanaume, akaniletea zizini amekikunja kwenye jani. Nilisubiri ageuke, nikamtupia mbwa.

Dawa chungu niliila. Tumbo likapungua, pua ikakauka, sauti ikawa nzito. Lakini mvua ziligoma, vihenge vikawa vitupu, na hakuna aliyetaja jando. Kisha ikaja vita, Wadachi na Waingereza, na askari wakaja kwa jumbe kutaka watu wa kubeba mizigo. Jumbe alikusanya kaya zote uwanjani.

"Nitoe nani?" alisema. "Natoa wanaume. Waliopita kumbini wasimame hapa. Watoto wakae na ndama."

Nilikuwa mrefu kuliko nusu yao. Nilitembea nikaenda kusimama kwenye mstari, ubavuni mwa ndugu yangu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu bega langu lilikuwa sawa na la kwake. Alinigeukia. Akanisukuma kifuani kwa viganja viwili, kwa nguvu, mbele ya watu wote.

"Toka hapa! Wewe ni mtoto."

Askari walicheka. Jumbe alicheka. Nilirudi zizini nikalia kwa hasira, na nilikuwa bado ninalia walipoondoka na mizigo vichwani, wakiimba ule wimbo wao.

Hakurudi hata mmoja. Wengine tulisikia walikufa kwa kuhara, wengine kwa njaa, wengine hatukusikia kitu. Yeye ni katika hao wa mwisho. Mimi nilikuja kukatwa nikiwa mtu mzima, hospitali, asubuhi moja ya kawaida, na mama alinipikia uji. Tembe la baba limeanguka, mihogo imeota juu yake. Wimbo ule sikuwahi kuruhusiwa kuusikia wote, na leo hakuna mtu wa kumwomba aniimbie.

Mpaka sasa sijui kama siku ile alinitukana au aliniokoa. Nimeligeuza jambo hilo kila upande. Usiku mmoja naona dharau usoni mwake, usiku mwingine naona kitu kingine, na sura yenyewe inazidi kufifia.

Mama mdogo aliishi miaka mingi baada ya hapo. Nilimlimia shamba, nikamletea kuni, nikamleta mke wangu amsalimie. Siku nilipombeba mtoto wangu wa kwanza kwenda kumwonyesha, hakumtazama mtoto. Alinitazama mimi, kuanzia miguuni, taratibu, akapanda hadi usoni, na mimi niliyajua macho yale, kwa maana niliyavaa miaka yote ya utoto wangu nikimtazama mwanawe.

"Wa mke mwenzangu alikataliwa," alisema. "Wangu mimi nilimpigia vigelegele."